Mjomba Anajibu: Mbona Huyu Yuko Hapa na Pale Hayupo?

Haya jamani, mfuko wa maswali umejaa mwezi huu, nimetoa matano na cha ajabu ukiyachuja yote yanauliza kitu kimoja, mbona kiumbe fulani yuko hapa na hatua chache mbele hayupo. Wengi wetu tukiulizwa hivo tunakimbilia simba kala swala au binadamu kakata mti. Sawa, hayo yapo. Ila kabla simba hajatia mguu kuna chumvi, kuna joto, kuna upepo na udongo, hivi havipumui wala havili mtu lakini ndio vilishapanga zamani nani akae chumba gani. Twende.

Shikamoo mjomba. Mwalimu wa baiolojia katuambia tutaje vitu visivyo hai kwenye mfumo ikolojia, nikaandika mawe na maji, kanipa 2 kwa 10. Nimekosea wapi?
Mwanafunzi wa kidato cha pili, Mwanza

Marahaba mwanangu. Hujakosea, umeishia njiani. Ulisahau vile visivyoshikika mkononi, mwanga, joto, upepo, chumvi iliyoyeyuka kwenye maji, oksijeni, mvua inanyesha lini na kiasi gani, mwinuko toka usawa wa bahari. Ila mimi ningekuwa mwalimu wako hata orodha ndefu isingekupa kumi, ningekuuliza kila kimoja kinamfanyia nani nini.

Chukua Serengeti ya kusini, kule Ndutu ukishuka kutoka Ngorongoro. Unaendesha gari we na nyasi, nyasi tu, fupi kama zimenyolewa, mti wa kutafuta kwa tochi. Watu wanadhani tembo kamaliza miti. Ukweli uko chini ya miguu yako. Volkano za upande ule, Kerimasi na Lengai, zilitema majivu miaka na miaka na upepo ukayabeba ukayamwaga kwenye hiyo tambarare. Mvua ikayeyusha madini ya juu, yakashuka kidogo, yakagandia huko chini yakawa tabaka gumu kama sakafu ya saruji. Mzizi wa mti ukifika hapo unagonga mwamba, wa nyasi hauna shida kwa sababu haukuwa na mpango wa kwenda mbali. Na majivu hayohayo yamezijaza hizo nyasi kalsiamu na fosforasi, ndo maana nyumbu zaidi ya milioni wanajikusanya pale kati ya Januari na Machi kuzaa, mama anayenyonyesha anahitaji hayo madini. Mvua ikikata maji yanaisha na wao wanaondoka. Mpelekee mwalimu hiyo, akikupa tena 2 niandikie.

Habari mjomba. Kuna picha inazunguka kwenye magrupu, ndege kakauka kawa jiwe kabisa kakaa kwenye tawi, wanasema ni Ziwa Natron na kwamba ukigusa maji tu unageuka jiwe. Tuna safari ya huko na watoto mwezi ujao, ni kweli?
Mama wa watatu, Arusha

Nzuri dada. Nendeni, mtarudi na nyama zenu. Hizo picha ni za mpigapicha Nick Brandt, zilisambaa mwaka 2013, na hao ndege na popo aliwaokota ufukweni wamekwisha kufa na kukauka, yeye ndo akawapanga kwenye matawi kama wako hai. Hakuna aliyegusa maji akaganda. Kilichotokea ni kwamba yale maji yamejaa magadi, haya haya ya kuchemshia makande, na mzoga ukilowa ukakauka humo hauozi haraka, unakuwa kama ng'onda.

Ila maji yenyewe si ya mchezo. Kipimo chake cha pH, yaani cha asidi na magadi kwenye maji, kinapita 10, huko kwenye kina kifupi joto linaweza kupita nyuzi 40, na ziwa halina mto unaotoka, maji yanaingia na njia yao ya kutokea ni jua tu. Maji yanapanda hewani, magadi yanabaki. Miaka elfu kwa elfu. Samaki karibu wote wangekufa humo siku ileile, wapo perege wadogo sana tu wanaoishi pembeni kwenye chemchemi za moto.

Sasa huko ambako wengine hawawezi kuna mmoja kapaona peponi. Heroe mdogo, yule flamingo wa pinki. Anakula vijimea vidogo vinavyopenda magadi, na rangi yake anaipata humohumo kwenye chakula. Katika kila heroe wadogo wanne duniani inakadiriwa watatu wameanguliwa Natron. Anajenga kichuguu cha tope katikati ya ziwa kwenye ukoko wa chumvi, anataga yai moja juu yake, na fisi akijaribu kumfuata anazama kwenye tope la moto linalowasha. Magadi ndo askari wake wa getini.

Lakini askari huyo hajui nani mwenyeji. Mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya kuzalia, na kule magadi yalikuwa makali zaidi, yakawa yanaganda kwenye vimiguu vya vifaranga duara gumu kama pingu, kifaranga anaburuta hatembei, anakufa hapo. Watu walienda kwa miguu ndani ya ule uchafu na nyundo, kifaranga mmoja mmoja, wakipasua pingu. Waliokoa maelfu. Ndo kusema maji yakizidi viota vinazama, yakipungua sana fisi anapita mkavu, heroe anaishi hapo katikati kwenye kipimo ambacho yeye hakipangi.

Watoto wavae viatu vya kufunika na wasijirushie maji usoni, macho yatawawasha mtajuta.

Assalaam alaikum. Kikundi chetu cha vijana na akina mama tulipewa miche ya mkoko na mradi mmoja, tukaipanda ufuo mtupu mbele ya kijiji, zaidi ya miche 3,000, tukapigwa picha na fulana tukapewa. Baada ya miezi 8 haijabaki hata 100. Wengine wanasema mbuzi, wengine wanasema pale mahali pana wenyewe. Tupande tena?
Katibu wa kikundi, Kilwa

Waalaikum salaam katibu, poleni sana na jasho lenu. Msipande tena hapohapo. Na mbuzi mwacheni huru, safari hii hana kesi.

Ngoja nikuulize swali ambalo yule mtu wa mradi alitakiwa kuliuliza kabla hajashusha miche. Mbegu ya mkoko umeiona, ile ndefu kama fimbo, inaanza kuota ikiwa bado juu ya mti wa mama yake, ikidondoka inaelea, inasafiri na maji mpaka ipate pa kusimama. Bamvua zote za miaka yote, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, zimezileta mbegu mbele ya kijiji chenu bure bila mradi. Mbona haikuota hata moja? Mahali hapajaota mkoko toka babu zenu wako hai pana sababu, na mara nyingi sababu yenyewe ni saa. Namaanisha saa ngapi kwa siku mche unakaa chini ya maji.

Mkoko watu wanauita mti wa baharini, ukweli ni mti wa nchi kavu uliojifunza kuvumilia bahari kwa zamu. Unahitaji muda wa kupumua. Kwa kukadiria, mikoko inasimama vizuri kuanzia usawa wa katikati ya kupwa na kujaa kwenda juu, mahali ambapo ukijumlisha muda wote maji yanaifunika kama theluthi moja hivi au chini ya hapo. Ule ufuo mtupu mlioupenda kwa sababu uko wazi na hauna mwenyewe upo chini mno. Mche wa kimo cha goti unafunikwa zaidi ya nusu ya maisha yake, mawimbi yanautikisa kabla haujashika, vile vigamba vikali vinavyoganda kwenye nguzo za gati vinaupanda shinani unaelemewa. Unazama tu. Na pale huenda palikuwa na majani ya bahari ambayo samaki aina ya tasi wanakuja kula, mkayafukia kwa miguu bila kujua, hilo nalo mradi hausemi.

Halafu kuna suala la tope lenyewe. Nenda kwenye mikoko ya asili, ingiza mkono utoe tope la kina cha kiganja. Jeusi, linanuka yai viza. Ile harufu ni ya hewa inayotengenezwa na vijidudu vinavyoishi pasipo oksijeni, maana maji yameziba kila tundu. Mzizi wa mwembe ukiuweka humo haumalizi mwezi. Sasa angalia mikoko ilivyofanya, kila aina kivyake: mkoko wenyewe umejitundika juu ya miguu kama mwavuli uliopinduka, mchu umechomoza vijiti kama penseli mamia kwa mamia toka ardhini, msinzi umekunja magoti yakatokeza juu. Zote hizo ni pua. Mche wenu haukuwa na pua bado.

Na wazee wakata boriti hili walilijua vizuri kuliko karatasi za mradi. Mzee mmoja aliyekuwa anakata mazio na pau miaka hiyo mti ulikuwa unakatwa kwa kibali aliniambia, mti usimtafute kwa macho mtafute kwa maji. Mlilana unasimama mbele kabisa unapigwa na bahari kifuani, ndo huo mafundi wa majahazi wanatolea mataruma, zile mbavu za chombo. Nyuma yake mkoko. Kisha msinzi na mkandaa ambako maji yanafika ila hayakai. Mchu una vituko, utaukuta mbele kidogo na utaukuta tena nyuma kabisa karibu na jangwa la chumvi ambako bamvua inafika mara chache, jua linakausha, chumvi inazidi hata ya baharini. Unaweza kwa sababu unatoa chumvi kwenye majani, lamba jani la mchu asubuhi utaniambia. Msikundazi na mkomafi nenda Rufiji, kule maji ya mto yanapunguza makali. Ukigeuza huo mpangilio, umemweka mtu wa ghorofani kwenye handaki.

La kufanya ni hivi. Chukueni miti iliyoota yenyewe jirani kabisa na kijiji, wekeni alama kwenye vijiti maji yanapofika siku ya bamvua na siku ya maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, kisha mtafute sehemu yenye usawa uleule ambayo miti ilikatwa. Hapo ndo pa kupanda. Na mara nyingi hata kupanda si lazima, angalieni kama kuna barabara au tuta la shamba la chumvi limeziba kijito, mkizibua maji yakarudi kupita kama zamani mbegu zinakuja zenyewe. Kazi ya jembe siku mbili tatu. Haipendezi kwenye picha, najua.

Mambo mjomba. Mi mchuuzi wa dagaa hapa Kibirizi. Ziwa letu Tanganyika nasikia ni la pili kwa kina duniani, sasa mbona dagaa wanapungua wakati huko chini kuna nafasi ya kutosha? Si wamejificha tu, tutafute nyavu ndefu?
Mchuuzi, Kigoma

Poa kabisa mdogo wangu. Nyavu ndefu utavua giza.

Ziwa lina mita 1,470 pale penye kina kirefu, ni Baikal tu ya Urusi inayoizidi. Lakini oksijeni upande wetu wa kaskazini inaishia kama mita 100 hivi, kusini kwa Zambia inafika mita 200 na kitu. Chini ya hapo hakuna hewa. Hakuna dagaa, hakuna mgebuka, hakuna sangala, vijidudu tu visivyotaka oksijeni. Yaani jengo la ghorofa 14 na wapangaji wote wamebanana ya juu kabisa, hizo 13 ni stoo.

Na stoo yenyewe imejaa mali, hapo ndo penye utamu. Kila kinachokufa juu kinazama na mbolea yake, inalundikana huko chini gizani ambako hakuna jani la kuitumia. Juu kuna mwanga hakuna mbolea, chini mbolea hakuna mwanga. Utasema si yachanganyike? Hayachanganyiki. Maji ya juu yana nyuzi kama 26, ya chini kama 23, na hizo nyuzi tatu ambazo ukioga huzitambui zinatosha kuyafanya ya juu yawe mepesi yakae juu kama mafuta kwenye mchuzi.

Anayekoroga huo mchuzi ni upepo wa kusi. Kiangazi, Mei mpaka Septemba, unavuma kutoka kusini unayasukuma maji ya juu kuja huku kwetu, na kule kusini panapoachwa wazi maji ya baridi yanapanda na mbolea yake. Ziwa zima linaanza kuyumba taratibu chini kwa chini, hulioni kwa macho. Vijimea vinalipuka, vidudu vidogo vinakula vijimea, dagaa anakula vidudu, mgebuka anakula dagaa, wewe unajaza gunia. Kwahiyo dagaa wako amelipiwa na upepo.

Sasa tatizo. Maji ya juu yamekuwa yanapata joto tangu karne iliyopita, tofauti na ya chini inazidi, mafuta yamekuwa mazito kwenye mchuzi na mwiko ni uleule. Kinachopanda kinapungua. Na usinielewe vibaya, siwatetei wenye nyavu za matundu madogo na mitumbwi inayoongezeka kila mwaka, stoo ikifungwa nusu halafu wateja wakawa mara mbili mnategemea nini? Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa miezi 3, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, najua mlilalamika sana na nilizisoma barua zenu zote, lakini tazama tena hiyo miezi kisha tazama miezi ya kusi. Mbolea ikipanda na vidagaa wakaachwa wakue.

Ya mbalamwezi unayajua kuliko mimi. Taa ya mtumbwi inawaita dagaa kwa sababu usiku ni giza, mwezi ukijaa wanatawanyika na nyie mnalala nyumbani. Hata mwanga nao uko kwenye ile orodha ya mwanafunzi wa Mwanza.

Shikamoo mjomba. Nalima mwani Jambiani, nilianza nikiwa msichana. Mwani aina ya kotoni ulikuwa unalipa, siku hizi nikiifunga kwenye vijikamba vya taitai inakua wiki chache kisha matawi yanageuka meupe yanakatika yanachukuliwa na maji. Aina nyingine, spinosam, inavumilia ila bei yake ndogo. Jirani anasema ni hasadi.
Mkulima wa mwani, Unguja

Marahaba dada. Hasadi haichagui aina ya mwani.

Mlipoanza kilimo hiki huko pwani ya mashariki mwaka 1989 maji hayakuwa haya. Kotoni inapenda maji ya nyuzi 25 mpaka 30, yenye chumvi isiyopungua na yanayotembea. Sasa fikiria siku ya bamvua, maji yanatoka yanafika mwisho saa nne saa tano asubuhi, ndo saa yenu ya kwenda shamba, jua limeshapanda na maji yaliyobaki ndani ya mwamba yanakufika magotini. Yanapata moto kama ya kwenye sufuria, siku nyingine yanapita nyuzi 35. Unayasikia mwenyewe kwenye miguu. Mwani uliofungwa kamba hauwezi kukimbia, unachoka, na ukishachoka vijidudu vinaingia penye jeraha, tawi linakuwa jeupe kama barafu kisha linakatika. Masika nayo mvua ikimwagika nyingi chumvi inashuka ghafla, pigo lingine. Spinosam ngozi yake ngumu, ndo tofauti.

Dawa ni kina. Sogea mahali ambapo hata maji yakitoka yanabaki kuzidi kimo cha mtu, huko joto halipandi hivo, na badala ya vijiti mchangani mnatumia kamba zinazoelea au nyavu za mfuko mrefu ambazo tawi likikatika linabaki ndani. Wenzenu wameshajaribu kotoni hivo ikakua. Inataka mtumbwi, inataka nanga, na gharama hiyo peke yako utaumia, ingieni kikundi. Jingine ni kuogelea. Akina mama wengi wanaolima mwani wameishi na bahari miaka yote bila kujifunza, maana kazi ilikuwa ya magotini. Anzeni na hilo kabla hata ya kununua kamba, maji mafu ndo mazuri kujifunzia, hayana mvuto mkali.